Kikulacho tumekipa jina jingine

Kila Jumatatu baada ya mechi ya watani wa jadi, banda la mama lishe ninapokunywa chai ya asubuhi hugeuka mahakama. Mshtakiwa ni mchezaji aliyevua jezi nyekundu ya Simba akavaa ya Yanga, au aliyepita njia hiyo hiyo akitokea upande wa pili. Mkataba wake uliisha, akasaini kwingine, akafunga bao. Hukumu hutoka kabla chapati haijapoa: msaliti. Kesho yake jina hilo hilo hupewa mbunge aliyehama chama, keshokutwa mwimbaji aliyeiacha bendi, na mwisho wa wiki jirani aliyethubutu kuuliza mkutanoni michango ya barabara ya mtaa imekwenda wapi.

Nimelisikiliza neno hili kwa miaka, mpaka nikaanza kugundua mahali lisipotamkwa. Halitamkwi kwenye vikao vya ukoo. Baba mdogo akiuza kiwanja cha watoto wa marehemu kaka yake, tunasema shetani alimpitia. Mweka hazina akitoweka na akiba ya akina mama thelathini, tunasema ni tamaa za dunia. Mume akichukua mkopo kwa hati ya nyumba ambayo mkewe aliichangia tofali kwa tofali, tena bila kumwambia, tunaambiwa hayo ni mambo ya ndani, yazungumzwe taratibu.

Msimamo wangu ni huu: neno usaliti tumelihamisha makazi. Tumelitoa nyumbani tukalipeleka uwanjani na jukwaani, na yule anayetudhuru kwa kutumia imani yetu tumembakizia majina ya heshima. Fasihi yetu haikufanya kosa hilo. Tangu tenzi za Lamu hadi riwaya za juzi, watunzi wetu wamejua msaliti anakaa wapi na anakula sahani ipi. Tatizo ni kwamba tunawasoma ili tujibu maswali ya mtihani, kisha vitabu tunavirudisha kabatini na siku ya kikao cha ukoo tunakwenda mikono mitupu.

Ndugu wanne wa shina moja

Amini, imani, amana na amani ni maneno yaliyotoka shina moja la Kiarabu, na wazee wa pwani waliyaishi hivyo, kama ndugu. Mtu akisafiri na jahazi au akienda Hija aliacha sanduku lake kwa jirani. Sanduku hilo ni amana. Kilichomwezesha kuliacha ni imani. Akirudi akalikuta lilivyo, pana amani kati ya nyumba mbili. Jirani akilila, jina lake ni haini na tendo lake ni hiana, na maneno hayo mawili nayo ni ndugu wa shina jingine. Kwa hiyo aliyekula sanduku la mwenzake hakuhesabiwa kuwa amechukua mali tu. Alikuwa amevunja vitu vinne kwa mpigo mmoja, na mali ndiyo iliyokuwa rahisi kulipwa kuliko vyote.

Kijana wa leo hasemi hiana. Anasema "kanigeuka", "kanizunguka", "kaniuza", "kanichoma". Visikilizeni vitenzi hivyo, maana vina elimu ndani yake. Ili unigeuke, lazima tulikuwa tunatazama upande mmoja. Ili unizunguke, lazima uwe unajua mlango wangu wa uani hauna komeo. Ili uniuze, lazima nilikuwa mkononi mwako. Jambazi hawezi kunizunguka. Jambazi hunivamia, nami nilikwishaweka nondo dirishani kwa ajili yake. Hakuna anayeweka nondo kati ya sebule na chumba cha kulala.

Mchezaji aliyemaliza mkataba sikumkabidhi sanduku lolote, wala hakuwahi kuniahidi kitu zaidi ya dakika tisini za jasho kwa mshahara. Nikimwita msaliti nimelitwika neno zito kazi nyepesi, na neno likitumika hivyo kila siku huwa butu. Siku mjane atakapolihitaji mbele ya shemeji zake, atalitoa alani na kukuta halikati.

Kikoa cha makoma

Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alitunga utenzi wa Fumo Liyongo, akiyapa umbo masimulizi yaliyokuwa yamekwisha kuzunguka pwani kwa vizazi. Watu wengi hukikumbuka kisa hiki kwa sindano ya shaba. Mimi hukirudia kwa sababu nyingine: kinapima imani mara tatu, na kila mara matokeo yanakwenda kinyume cha tunavyotarajia.

Liyongo alikuwa shujaa wa vita na mshairi, na mtawala wa Pate alimwogopa. Njama mojawapo ya kumuua ilipitia kikoa. Kikoa ni chakula cha zamu, leo mimi kesho wewe. Wenzake walikubaliana kula makoma, kila mmoja kwa zamu yake akipanda mkoma na kuwaangushia wenzake. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu ya mti mikono imeshika shina, wangempiga mishale. Liyongo hakupanda. Alivuta upinde akayaangusha makoma akiwa chini.

Tazama silaha waliyoichagua. Hawakuchagua sumu wala kumvizia porini. Walichagua zamu, yaani ule utaratibu unaowafanya watu wasio na kitu waweze kula pamoja. Kikoa ni babu wa upatu na wa vikoba vyetu vya leo. Ndiyo maana mweka hazina anayekimbia na sanduku la kikoba anaiba zaidi ya fedha. Akina mama wale thelathini hawatachanga tena, na mtoto atakayeugua usiku mwaka ujao hatakuwa na mfuko wa dharura wa kumpeleka hospitali. Mweka hazina yule hatakuwa na habari za mtoto huyo, lakini deni ni lake.

Mara ya pili Liyongo yuko gerezani. Mama yake anamletea chakula kizuri, walinzi wanakila wao. Ndipo ukaokwa mkate wa wishwa, chakula cha kudharauliwa, na ndani yake zikafichwa tupa za kukatia minyororo. Aliyeubeba ni Saada, mjakazi. Walinzi waliuona, wakaudharau, wakamwachia mfungwa. Usiku ule, ngoma ya gungu ikilia nje na kufunika sauti ya chuma, Liyongo alijikata pingu akatoka.

Hapa husimama kila ninapokisoma. Ndani ya kisa kizima, mtu mwenye sababu nyingi zaidi za kuuza siri alikuwa Saada. Alikuwa mtumwa. Hakuwa na urithi katika nyumba ile, hakuwa na cheo cha kupoteza, na neno moja kwa mlinzi lingeweza kumbadilishia maisha. Alibeba tupa ndani ya mkate, akanyamaza. Nani anamtaja Saada leo? Tunataja sindano.

Mara ya tatu ni mwana. Mtawala alimwita kijana wa Liyongo akamwahidi binti na cheo. Kijana akaenda kwa baba yake akamuuliza kinachoweza kumuua ni nini. Baba alihisi kwamba mwanawe amerubuniwa, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kwa nini alimwambia? Watu wamelijibu swali hili kwa namna nyingi. Mimi nadhani Liyongo aliona kwamba mzazi anayelazimika kujilinda dhidi ya mtoto wake amekwisha kushindwa vita yote, hata akibaki hai. Kijana naye alisitasita, akachelewa, akahimizwa kutoka Pate, hatimaye akamchoma baba yake usingizini.

Tuna methali tunayoipenda sana: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Kwa methali hiyo tumegawa funguo za nyumba, namba za siri za simu na hati za mashamba, tukiamini damu inatosha kuwa dhamana. Utenzi huu umekuwa ukitujibu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mjakazi alitunza, mzaliwa akauza.

Liyongo hakufia kitandani. Alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akatia mshale upindeni, akafa katika hali hiyo. Watu walimwona kwa mbali wakadhani yu hai na ana hasira. Hakuna aliyethubutu kusogea, na mji ukakosa maji. Wanawake waliokuwa na ndoo vichwani hawakushiriki njama yoyote. Hawakuahidiwa binti wala uwaziri. Lakini kiu ilikuwa yao na ya watoto wao, mpaka mama yake Liyongo alipokwenda kumbembeleza kwa maneno, na siku zikapita, na mwili ukaanguka.

Na kijana? Hakuozwa. Aliyemnunua alimtupa, akafa akiwa amedharauliwa na pande zote.

Kidole kinapoelekezwa kusiko

Ngugi wa Thiong'o alichapisha riwaya yake A Grain of Wheat mwaka 1967, miaka minne baada ya uhuru wa Kenya. Kijiji kinajiandaa kwa sherehe za uhuru na kinamtafuta aliyemuuza Kihika, mpiganaji wa msituni aliyenyongwa na wakoloni. Kila mtu anamtazama Karanja, aliyewatumikia wazungu waziwazi. Mgeni wa heshima anayetakiwa kuhutubia ni Mugo, mpweke mkimya, aliyeteseka kizuizini na ambaye wanawake wanamwimbia nyimbo. Aliyemuuza Kihika ni Mugo. Na asingeungama mwenyewe mbele ya umati, huenda kijiji kingemmaliza mtu mwingine kwa kosa hilo.

Karanja hakuwa mtu mwema, na Ngugi hamtetei. Lakini aliyevaa sare ya adui unajua amesimama wapi. Ndivyo inavyokuwa: umati hupenda msaliti anayeonekana kwa mbali, mwenye jezi ya rangi nyingine, kwa sababu kumnyooshea kidole hakumgharimu mtu kitu.

Serikali nazo zimelipenda neno hili. Shafi Adam Shafi aliipa riwaya yake jina Haini, ikatoka mwaka 2003, ikisimulia ukamataji na mateso yaliyofuata kuuawa kwa kiongozi wa visiwani. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuambiwa kwamba Rais Abeid Amani Karume aliuawa Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972. Unaisoma riwaya ile ukiwasikia wahoji wakilirudia neno haini, na polepole swali linageuka: aliyekabidhiwa raia awalinde, kisha akawafungia chumbani na kuwatesa, yeye anaitwaje?

Mfano mwingine hauhitaji riwaya. Bibi Titi Mohamed alizunguka Tanganyika nzima akiwahamasisha wanawake wajiunge na TANU, wakati ambapo kusimama jukwaani kulikuwa jambo la hatari. Katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970 alitiwa hatiani na kufungwa maisha, kisha mwaka 1972 akasamehewa. Leo moja ya barabara kubwa za katikati ya Dar es Salaam ina jina lake, na kila siku maelfu ya watu huipita wakiwa na haraka zao. Sina nia ya kuifungua kesi ile upya hapa. Nasema tu kwamba katika maisha ya mtu mmoja nchi ilimwita mama wa ukombozi, ikamwita haini, kisha ikaandika jina lake kwenye kibao cha barabara. Neno linaloweza kubandikwa na kubanduliwa hivyo linataka mikono yenye uangalifu mkubwa.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa na tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar akaitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1963. Januari iliyofuata, askari wa jeshi lake waliasi. Sijui kama alimkumbuka Brutus usiku ule, lakini najua kwa nini tamthilia ile bado inasomwa. Waliomchoma Kaisari walikuwa wengi. Tunamkumbuka mmoja, kwa sababu ndiye aliyependwa.

Mijeledi ya Adili

Fasihi haiishii kwa mtendaji. Inauliza pia aliyetendwa aishi vipi baadaye, na hapo ndipo ninapomthamini Shaaban Robert kupita kiasi. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, Adili aliwapenda ndugu zake Hasidi na Mwivu, akawagawia mali kila walipofilisika, nao kwa wivu wakamtupa baharini. Aliokolewa. Ndugu wakageuzwa manyani, naye akaamriwa kuwapiga mijeledi kila usiku. Adili alikuwa na cheo, nyumba, chakula. Lakini kila usiku alishuka akawachapa ndugu zake, na kila usiku kazi ile ilimtesa na kumliza yeye mwenyewe.

Watoto wa shule hufundishwa kwamba hadithi hii inaonyesha wabaya wakiadhibiwa. Mimi nilipoisoma nikiwa mtu mzima niliona kitu kingine: adhabu ilimfunga Adili kamba moja na ndugu zake. Hakuweza kulala mpaka amewapiga. Nani kati yetu hajui nyumba ya namna hiyo? Dada wawili hawajasemeshana tangu msiba wa mama yao kwa sababu ya kabati, kiwanja na vikoi viwili, na kila Idi au Krismasi mmoja anapika kwa ajili ya watu kumi na mbili, wanakuja wanane. Mwisho wa kitabu mfalme aliomba ndugu wale wasamehewe, wakarudia ubinadamu wao. Lakini kabla ya msamaha, mambo yote yalisemwa wazi mbele ya mfalme: nani alifanya nini, wapi, kwa nini. Hakuna aliyesema shetani aliwapitia.

Hapo ndipo tunapokosea majumbani. Tunakimbilia msamaha kabla ya kutaja kosa. Tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, tukiwa na maana kwamba ndugu atabakiza kidogo. Kweli, atabakiza. Kiwanja kimoja kati ya vitatu. Lakini tangu lini kubakiziwa kukawa ni haki?

Wanachama wa vikoba wana hekima kuliko sisi. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, hata kama ni mashoga wa tangu utotoni. Hawakuweka kufuli zile kwa sababu wanachukiana. Wamekubali tu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo huwezi kuivua ukatembea uchi. Unachoweza ni kuikung'uta.

Nina sababu ya kuandika haya wiki hii. Miaka sita iliyopita, babu yangu alipofariki, kikao cha ukoo kilimchagua baba yangu mdogo kuwa msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao uliopelekwa Mahakama ya Mwanzo niliuandika mimi, kwa mkono wangu, kwa kuwa ndiye niliyesemekana kuwa na mwandiko mzuri. Wote tulisaini bila kuuliza swali hata moja. Nyumba iliuzwa mwaka wa pili. Watoto wanne wa marehemu baba mkubwa waliokuwa wakiishi humo walihamia chumba kimoja cha kupanga, na mkubwa wao akaacha shule akaanza kuuza maji ya chupa kwenye foleni za magari. Fedha hatukuziona. Wazee walikaa, wakasikitika, wakasema shetani alimpitia. Nami nilikuwepo, nikaitikia kwa kichwa.

Mwezi huo huo, nakumbuka vizuri, nilikuwa banda la mama lishe nikibishana kwa sauti kubwa juu ya mchezaji aliyehama timu, nikimwita msaliti.

Kikao kingine cha ukoo kimepangwa Jumamosi ijayo, na baba mdogo atakuwepo. Tutakaa jamvi moja, tutakula sahani moja. Nimemwomba mwenyekiti dakika kumi. Nitataja nyumba, nitataja mwaka, nitawataja watoto wanne mmoja mmoja kwa majina yao, kisha nitalitamka lile neno mbele yake kwa adabu zote anazostahili mzazi. Nawe msomaji, kama kwenu kuna kikao mwezi huu, nenda na lako.